Miaka mitatu na Forester ya turbo: tuliyoyaona sisi wenyewe

Kamarade mmoja alikuja ofisini kwetu, hapa Kalemie, na bahasha ya plastiki chini ya kwapa. Ndani mlikuwa karatasi ya dekonti finali yake: miaka kumi na tisa ya kazi, yote kwenye ukurasa mmoja. Alitusalimia, akakaa, kisha akaonyesha kwa dirisha gari ya sendika iliyosimama chini ya mwembe.

"Papa delege, nataka kama iyi yenu. Munionyeshe ule mutu wa Dar. Nitabeba bibi na watoto, na siku zingine nitafanya takisi."

Hatukumjibu siku ile. Pesa ya namna hiyo inamfikia mchimbaji mara moja tu katika maisha yake, na ikipotea hakuna sendika itakayoirudisha. Tena alikuja saa mbaya: wiki ile ile wanachama walikuwa wametuandikia barua wakiomba mkutano, wapige kura kama gari iuzwe ao ibaki. Tukamwambia arudi kisha mkutano. Na kwa kuwa wengine wanne walikwisha kutuuliza swali lile lile, tumeona heri tuandike yote hapa, mazuri na ya haya, ili kila jamaa lisome lenyewe.

Gari ni Subaru Forester ya mwaka 2004. Motere ya litre 2 yenye turbo, vitesi tano za mkono, magurudumu yote ine yanavuta. Tuliinunua na michango ya wanachama sitini na mmoja, kidogo kidogo, miezi kumi na ine. Kusema kweli hatukuwa tunatafuta turbo. Tulitaka kitu cha kutufikisha kwa wenzetu wa Kabimba, wa njia ya Bendera na wa upande wa Nyunzu wakati wa mvua, na kinachoweza kumrudisha mgonjwa akiwa amelala. Land Cruiser tuliuliza bei, tukanyamaza. Ipsum tulikuwa tumeipanga mara mbili, na mara mbili tuliisukuma zaidi ya kuipanda. Noah iko na nafasi nzuri, lakini nyingi zinazofika kwetu zinavuta na magurudumu mawili tu. Kisha mtoto wa kamarade mmoja, anayefanya biashara Dar es Salaam, akapiga simu: kuna Forester, safi, bei yake chini ya RAV4 ya umri ule ule. Alisema bei iko chini juu ya turbo, watu wanaiogopa. Sisi tulifurahia bei. Hatukuuliza wanaogopa nini.

Kwa wasiojua njia: gari inatoka Japani kwa meli mpaka Dar, inaendeshwa mpaka Kigoma, kisha inapanda boti kuvuka ziwa mpaka bandari yetu. Wengine wanapitisha zao Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha Pweto na Moba, njia ndefu yenye kuimaliza gari kabla mwenyewe hajaiona. Yetu ilivuka maji. Tulienda kuipokea watu kumi na wawili, na wamama wawili wa komite, na tulipoona inashuka juu ya mbao mbili nyembamba tulishika vichwa. Ilishuka vizuri. Radio haikuwemo tena, kriki haikuwemo, na hakuna aliyejua viliishia wapi. Tulipojumlisha usafiri, forodha, karatasi na zile "za kahawa", tulikuta gharama za njiani zimelingana na bei ya gari yenyewe. Mwenye kuonyeshwa bei kwenye simu, basi, ahesabu mara mbili kabla ya kumwambia bibi yake.

Usukani uko kuume, kama gari zote za Japani, na sisi Congo tunatembea kuume. Mjini si shida sana. Lakini nyuma ya kamyo, kwenye vumbi, shofere anaona mtaro tu, haoni kinachokuja mbele. Mwenye kukaa kushoto njo macho yake. Tuliweka sheria siku ya kwanza: kiti kile hakikaliwi na mtu mwenye usingizi.

Tuseme kidogo namna gari hii ilivyozaliwa, juu sisi watu wa kazi inatugusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na shida ya kufikisha wafanyakazi wake milimani wakati wa theluji. Jeep zilikuwa nzito na baridi. Wakaomba Subaru gari ya kawaida, yenye nyuma ndefu ya kubebea vyombo, lakini inayovuta magurudumu yote. Ndiyo ikatoka Leone ya mwaka 1972. Ni kusema magurudumu ine ya Subaru hayakuanza kwa matajiri wala kwa mashindano, yalianza kwa watu wa kupanda milingoti. Mashindano yalikuja baadaye, na Afrika Mashariki inayakumbuka: mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally na Vivio, Subaru ndogo kama sanduku, akashinda katika kundi la gari za ukubwa wake. Forester ilianza kuuzwa mwaka 1997, na ya namna yetu, ya pili, mwaka 2002.

Motere yake haisimami kama za Toyota, imelala. Pistoni mbili zinaenda kushoto, mbili kuume, kama watu wanaopigana ngumi. Kwa hiyo uzito unakaa chini, na gari inashika njia kwenye kona namna ambayo hatukuizoea. Ubaya wake utauona siku ya kubadilisha buji: ziko ubavuni, zimebanwa na chuma cha gari, na mekanisia anatoka pale na ngozi ya vidole imechubuka. Na mbele juu ya kapo kuna tundu kubwa. Watoto wa Kataki waliiita "gari ya pua". Watu wanafikiri motere inapumulia pale. Hapana, tundu lile linaleta upepo wa kupoza hewa iliyokwisha kukandamizwa na turbo. Motere inavuta hewa yake mahali pengine, mbele, karibu na taa, si juu sana. Mukumbuke neno hili, tutalirudia kwenye maji.

Turbo yenyewe ni kitu rahisi kueleza kwa mtu aliyefanya kazi na mashine za upepo. Moshi unaotoka kwa motere unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo linazungusha lingine upande wa pili, na hilo linasukuma hewa nyingi ndani ya motere. Hewa nyingi, esanse nyingi, nguvu nyingi. Kiwandani waliandika farasi 220, na ni litre 2 tu. Gurudumu lile linazunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika moja, ndani ya moto mkali, na kinacholibeba ni utando mwembamba wa mafuta ya motere. Hakuna kingine. Tungelielewa hili mwanzoni, tusingeandika nusu ya makala hii.

Mwezi wa kwanza tulikuwa kama vijana. Ukiiendesha polepole iko gari ya padri, haina haraka, tena chini inachelewa kidogo. Ukifika karibu na mizunguko elfu tatu, unasikia filimbi ndogo, na gari inakusukuma mgongoni. Kwenye mpando na watu watano ndani na magunia mawili ya unga nyuma, haikuomba vitesi ya chini. Mzee wetu wa hazina, aliyekuwa amepinga ununuzi, alipanda siku moja kwenda Lubuye, akashuka bila kusema neno. Kesho yake aliomba kupanda tena.

Kwa jamaa iko gari ya akili. Watu watano wanakaa bila kugombana, mlango wa nyuma ni mpana, kiti cha nyuma kikilazwa unapata kitanda. Tumebeba ndani yake mihogo, godoro, jeneza la mtoto mara moja, shada za arusi, na mbuzi wawili waliokula kitambaa cha mlango. Dirisha ni kubwa, watoto wanaona njia na hawatapiki. Viti havichoki haraka. Bibi wa kamarade mmoja alisema ni gari ya kwanza aliyoishuka akiwa bado na mgongo wake.

Sasa usiku wa Machi, mwaka wa kwanza.

Tulipigiwa simu saa tatu usiku: mawe yamemwangukia mchimbaji wa mikono kwenye shimo, upande wa Nyunzu, mguu umevunjika na damu haikatiki vizuri. Hakuwa mwanachama. Wachimbaji wa mikono hawako na kampuni, hawako na mkataba, na watu wengine kati yetu waliuliza kama michango ya wanachama inapaswa kumfuata. Mabishano hayakuchukua dakika tano. Tuliondoka watu watatu, na panga, jembe, na kamba.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kamyo tatu zilikuwa zimekwama kwenye mpando wa udongo mwekundu, moja imekaa katikati, na nafasi iliyobaki ubavuni ilikuwa na upana wa gari ndogo tu, matope matupu, yenye kuteremkia mtaroni. Mashofere wa kamyo walisema tulale pale nao. Shofere wetu alitia vitesi ya pili, akashika mguu palepale, bila kuongeza bila kupunguza. Gari iliteleza ubavu kidogo, tukasikia magurudumu ya nyuma yanatafuta, kisha ya mbele yanashika, kisha yote. Hakuna chuma cha kuvuta, hakuna kifungo cha kubonyeza, inagawa nguvu yenyewe. Tulipita. Wale wa kamyo walipiga kelele kama kwenye mpira.

Kurudi ndiko kulikuwa kugumu, juu mgonjwa alikuwa amelala nyuma na kila shimo lilimtoa sauti. Mama yake alikaa kando yake ameinama, amemshika kichwa. Hapo turbo haikuwa na kazi. Kilichosaidia ni springi laini na shofere mwenye moyo. Tulifika lopitali alfajiri. Mguu haukukatwa. Leo anatembea na fimbo, anauza vocha karibu na soko, na akiiona gari anaipigia mkono hata kama sisi hatumo.

Usiku ule ndio uliofanya watu waipende gari kupita kiasi, na mapenzi yale yalitufanya tuisahau. Isieleweke kwamba ni Land Cruiser. Haina vitesi fupi za kupandia mawe. Tumbo lake liko kama sentimita 20 juu ya udongo ikiwa tupu, na ukiweka watu watano na mizigo inashuka, na chini yake mbele kuna sinia ya mafuta na bomba ya moshi. Tuliigongesha kwenye jiwe njia ya Bendera, ikatoboka, tukaziba na sabuni na kitambaa mpaka tukapata msaada. Na maji: mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia kwenye njia za kando, vijana walitaka tupite tu kwa kuwa "pua iko juu". Pua si pa kupumulia, tumekwisha kusema. Motere ikinywa maji, pistoni haziwezi kuyakandamiza, na ndiyo mwisho. Tulizunguka.

Tuje kwa aibu yetu.

Mwaka wa pili moshi wa buluu ulianza kutoka nyuma asubuhi. Kidogo, kisha unapotea. Kila mmoja aliuona na kila mmoja alifikiri mwingine amekwisha kumwambia mekanisia. Filimbi ile tamu ikageuka sauti ya birika. Halafu siku moja, kwenye mpando, nguvu ikaisha, moshi ukafunika njia yote, na gari ikarudi nyumbani ikivutwa na kamyo ya mchanga.

Mekanisia wetu ni mtu mpole. Alifungua turbo, akatuonyesha mti wake: unatikisika kama jino bovu. Kisha akauliza, "Mafuta ya motere mulibadilisha lini?" Tukatazamana. Tulifungua kitabu cha hazina. Pesa ya mafuta ilikuwa imetoka kwa wakati, mara mbili, lakini mara ya kwanza ilienda kulipia chakula cha wajumbe wa mkutano, na mara ya pili mtu alinunua mafuta ya bei rahisi kwenye bidoni isiyo na jina, akarudisha salio kwa uaminifu. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tumeendesha zaidi ya kilometre 11.000 na mafuta yale yale, meusi kama lami. Na shofere, kila alipofika mbio kutoka njiani, alizima motere palepale, turbo ikiwa bado nyekundu, mafuta yakakaangika ndani yake.

Kisha mekanisia akatoa bulo ndogo ya bomba inayopeleka mafuta kwa turbo. Ndani yake kuna kichujio kidogo kama cha kuchujia chai ya mtoto. Kilikuwa kimeziba kabisa. Alikiweka kwenye kiganja cha mzee wa hazina. Mzee alikitazama muda mrefu.

Turbo mpya hatukuweza. Tulitafuta iliyotumika: Lubumbashi walikuwa nayo bila uhakika, Kigoma hapana, Dar ndiyo. Wiki saba mpaka ilipofika. Katika wiki hizo bibi wa mwanachama wetu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, mvua ikinyesha. Mume wake alikuja mbio kugonga mlango wa ofisi, gari ikiwa juu ya mawe bila kapo. Walimpeleka na pikipiki, yeye katikati, dada yake nyuma amemshikilia. Alijifungua salama, mama na mtoto wako wazima. Lakini mume, aliyetoa michango miezi kumi na ine bila kukosa hata mmoja, hakutusalimia mpaka Pasaka. Hatukuwa na la kumwambia. Jina lake ndilo lilikuwa la kwanza kwenye barua ya kuomba gari iuzwe.

Kwa hiyo hii ndiyo hesabu, kama tulivyoiandika kwenye daftari tangu siku ya turbo.

Esanse: njia ndefu, taratibu, litre 11 mpaka 12 kwa kilometre 100. Mjini, mashimo na kusimama-simama, 15, hata 16. Kibaya zaidi, motere hii ilitengenezwa kwa esanse ya nguvu ya Japani. Sisi tunanunua kwa wakadhafi, kwenye chupa na bidoni, na hakuna anayejua kilichochanganywa. Ukiweka mbaya, utasikia motere inagonga ndani kama punje za mahindi kwenye sufuria, hasa ukiisukuma mpandoni. Ukisikia hivyo ondoa mguu, usijifanye Njiru. Sasa tunanunua kwa mtu mmoja tu, tunaweka kwanza kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie, tuone kama kuna maji chini.

Mafuta ya motere: kila kilometre 5.000, bila mkutano wala kura, ya bidoni iliyofungwa, na kichujio pamoja nayo. Ukaguzi wa kijiti kila Jumatatu. Motere hizi zinakula mafuta kidogo hata zikiwa nzima, na zinakaa kimya mpaka umechelewa.

Mipira: hapa wengi wataanguka. Gari ya magurudumu ine yanayovuta daima inataka mipira ine iliyo sawa, ukubwa mmoja na kuisha kumoja. Sisi mpira mmoja ulipasuka, tukanunua mmoja mpya, tukaona tumeokoa pesa. Kisha wiki mbili gari ilianza kujivuta kwenye kona, kama mtu mwenye kiatu kirefu na kiatu kifupi, na harufu ya moto chini. Gurudumu lenye mpira mpya linazunguka polepole kuliko mengine, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinaungua. Kwa hiyo ukipasua mmoja, tafuta uliotumika wenye kuisha sawasawa na mitatu iliyobaki, ao ununue ine. Mwenye Noah hajui mateso haya.

Mkanda wa distribisio: wenyewe kiwandani wanasema ubadilishwe kila kilometre 100.000. Yetu ilifika na 96.000 kwenye saa yake, na saa za gari zilizotumika kila mtu anazijua. Badilisha ikishuka tu kwenye boti. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na ununuzi unaanza upya.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyopita, kisha misa. Watu arobaini na nane walikuja, wengine na bibi zao, na wamama ndio waliosema zaidi. Mmoja aliuliza: kama tungenunua pikipiki tatu na kuweka pesa iliyobaki kwa wagonjwa, si tungesaidia wengi zaidi? Ni swali la haki na hatukulipuuza. Mwingine akamjibu: mgonjwa wa Nyunzu ungemfunga wapi kwenye pikipiki? Yule baba wa mtoto aliyezaliwa usiku ule alisimama. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hakasirikii gari. "Gari haikukosa. Ni sisi tulikosa, na tukaita bahati mbaya." Mzee wa hazina alitoa mfukoni kile kichujio, anatembea nacho tangu siku ile, akakizungusha kwa mikono ya watu, safu kwa safu, mpaka kikarudi mbele.

Kura: thelathini na moja gari ibaki, kumi na saba iuzwe. Wale kumi na saba tunawaheshimu. Masharti waliyoweka yamepita yote: pesa ya mafuta na mipira inakaa kwenye kasha lake, ufunguo kwa mama wa komite, si kwa mwenyekiti, daftari ndani ya gari, kila shofere anaweka sahihi, na mtu yeyote, mwanachama ao si mwanachama, akiona moshi, anasema palepale.

Kamarade wa bahasha alirudi Jumanne. Tulimsomea karibu yote haya. Kwa takisi tulimwambia wazi hapana: litre 16 mjini, kwa bei ya abiria wa Kalemie, utakuwa unamfanyia kazi kadhafi. Kwa jamaa, ndiyo, kama ataweka kando tangu siku ya kwanza pesa ya turbo moja na mipira ine, asiiguse hata mtoto akifukuzwa shule. Alitabasamu, juu hilo la shule ndilo lililokuwa limempata. Akauliza kama anaweza kuiendesha kidogo.

Alikwenda mpaka Lubuye na kurudi, bibi yake kwenye kiti cha kushoto. Alivyorudi alisimama chini ya mwembe na hakuzima. Tulimwona kwa dirisha, mkono kwenye ufunguo, anahesabu kwa midomo, dakika nzima, turbo ipoe. Bibi yake alikuwa anacheka. Kisha akazima, akaja mlangoni akatupa ufunguo, akauliza tena bei ya Noah.